Barabara Haina Kosa, Kosa ni Tambara

Mwenye gari wa Mbeya akiona boneti imejaa mikwaruzo ya mviringo jua linapoipiga, ana majibu mawili tayari: barabara zetu mbovu, au rangi ya magari ya siku hizi ni nyepesi. Kitambaa hakitajwi kabisa. Fulana kuukuu ya pamba, taulo lililochakaa, kipande cha kanga: hivyo ni laini, vitaichubuaje rangi? Imani hiyo, kwamba kilicho laini mkononi hakidhuru, inaharibu magari ya Nyanda za Juu Kusini kuliko safari zote za Tunduma, na inatupasa tuiache.

Litazameni kwanza vumbi lenyewe. Kiasi cha miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka na kumwaga mawe mepesi yenye matundu, jamii ile ile ya jiwe tunalosugulia visigino. Punje zake ni kioo cha asili, na zimo katika udongo unaotimuka huku kwetu. Iringa nako ni nchi ya majabali ya itale kama Gangilonga, na itale likimomonyoka huacha mchanga wa kwatzi, ulio mgumu kuliko kioo cha dirisha. Rangi ya gari inalindwa na nini? Tabaka angavu la juu ambalo kwa magari mengi lina unene wa mikroni 40 hadi 50. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo.

Nenda Mwanjelwa asubuhi ya Juni, pale teksi zinapopangwa. Umande wa usiku umetua juu ya vumbi la jana. Dereva anachomoa tambara chini ya kiti, analizungusha kwenye boneti, anakamua maji meusi, anahamia mlangoni, kisha rimu, kisha anarudi kwenye kioo cha mbele kwa tambara lile lile. Maji yale meusi ni mchanga, na kwenye rimu umeongezeka unga wa chuma uliotoka kwenye breki. Amepiga gari lake msasa kabla ya abiria wa kwanza, huku akiamini amelitunza.

Ulaini wa fulana hausaidii kitu hapo. Kinachokwaruza ni punje, na fulana imefumwa bapa, kwa hiyo punje haina pa kuingia: inabanwa kati ya mkono na rangi, inaburuzwa mpaka mwisho wa boneti. Ongeza mishono, pindo gumu na picha ya mpira iliyochapwa kifuani. Taulo la maikrofaiba limetengenezwa kwa ajili ya tatizo hili. Nyuzi zake za poliesta na poliamaidi, mara nyingi kwa uwiano wa 80 kwa 20 au 70 kwa 30, zimepasuliwa zikawa nyembamba kuliko hariri, na manyoya yake huzoa vumbi na kulivuta ndani, mbali na rangi.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa ya watu wa Dar es Salaam. Sikubali. Fundi akiondoa mikwaruzo kwa polishi anakwangua lile tabaka angavu, na lililokwanguliwa halirudi. Ukipolishi kila mwaka, ipo siku utalipia rangi mpya. Taulo ni rahisi kuliko hapo kwa mbali.

Wala kununua tu hakutoshi. Kuna wanaonunua maikrofaiba nzuri wakaifua pamoja na mataulo ya pamba, ikarudi imejaa nywelenywele. Wakaitia kilainisha nguo, kikaziba nafasi kati ya nyuzi. Wakaipiga pasi, nyuzi zikakakamaa. Ifue peke yake kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, uianike kivulini. Kata lebo. Ikianguka chini, hata mara moja, usiirudishe kwenye rangi kabla haijafuliwa. Au ihamishie kwenye rimu, ibaki huko. Ukitaka kuipima, sugulia upande unaong'aa wa sidii ya zamani kisha uielekeze kwenye mwanga. Ikiacha mistari, haifai kwa boneti. Na gari lenye vumbi lisiguswe na kitambaa chochote, hata cha bei gani, kabla halijamwagiwa maji ya kutosha.

Vijana wanaoosha magari siwalaumu. Wanalipwa kwa gari, na matambara wanapewa na mwenye eneo, ambaye ndiye anayepaswa kuwatengea ya rangi, ya vioo na ya rimu. Mpaka atakapofanya hivyo, wewe mwenye gari unayeoshea Uyole au Ipogolo, omba kuona kitambaa kabla hujakabidhi ufunguo. Kikiwa ndicho kilichotoka kufuta rimu za Coaster iliyotangulia, toa cha kwako.