Siagi ya kibuyu na fungu la jirani



Wiki hii, ndugu wasomaji, na hususan mama na dada zetu, tunaomba ruhusa tuingie jikoni. Mtume mtoto dukani akakununulie siagi, naye atarudi na kopo la mafuta ya manjano yaliyotengenezwa kiwandani. Mtoto hana kosa, wala mwenye duka hana kosa, kwani ndivyo neno lilivyozoeleka katika miji yetu. Lakini kilichomo koponi si siagi. Ni majarini, kitu kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1869 na mtu aitwaye Hippolyte Mège-Mouriès, pale mtawala wa nchi hiyo, Napoleon III, alipotaka lipatikane badala la siagi lenye bei nafuu. Mwanzo lilitengenezwa kwa shahamu ya ng'ombe. Leo aghalabu hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, yakiwemo mawese.

Hatukuja kulilaumu kopo. Limepaka mikate ya watoto wengi asubuhi za shule, na nyumba nyingi hazina uwezo wa zaidi ya hilo. Tunachokisikitikia ni kwamba jina limehama, na jina likihama huondoka na maarifa yake. Ipo hatari ya kupata kizazi cha watoto wa pwani kisichojua kuwa siagi hutoka katika maziwa, na kuwa samli hutoka katika siagi.

Sisi tuliolelewa mashambani, upande wa Witu na bonde la chini la Mto Tana, tuliijua siagi kama kazi kabla ya kuijua kama chakula. Ng'ombe wa nyumbani walikuwa wachache, wale wenye nundu wa asili yetu, na maziwa yao hayakuwa mengi. Ndama alikuwa na haki yake kwanza, kisha ndipo mkamaji akapata lita mbili au tatu kwa ng'ombe. Yaliyopungua tuliyanunua kwa mama wa Kiorma waliokuja asubuhi na vibuyu vyao, maziwa yakinukia moshi, kwa kuwa kibuyu kilifukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kutiwa maziwa. Harufu ile hatujaipata tena katika pakiti yoyote.

Maziwa ya siku yaligawanywa kwa utaratibu uliojulikana na kila mtu nyumbani. Kwanza ya chai. Kisha ya mzazi, ikiwa yumo aliyejifungua na hajatimiza arubaini yake. Kisha ya wazee. Yaliyobaki ndiyo yaliyotiwa katika kibuyu kikubwa, yakaachwa yagande, na kesho yake yakaongezwa mengine, hata kibuyu kikafika kiasi cha nusu na zaidi kidogo. Hakikujazwa pomoni, maana maziwa yasiyo na nafasi ya kwenda na kurudi hayatoi siagi. Na subira ilihitajika, kwa sababu kilo moja ya siagi hutaka takriban lita 20 za maziwa. Nyumba yenye ng'ombe wawili au watatu ililazimika kungoja siku kadhaa kabla ya siku ya kusuka kufika.

Kazi yenyewe ilianza baada ya sala ya alfajiri, wala haikuwa kwa sababu ya kupenda kuamka mapema. Joto la pwani ni adui wa siagi. Jua likishapanda, mafuta hulainika, hayashikani, na utasuka mpaka mikono ife ganzi bila ya kupata kitu. Basi bibi alikaa juu ya mkeka, akakifunga kibuyu kizibo chake, akakilaza mapajani, na watoto tukakaa mbele yake tukipokezana. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa mwendo mmoja usio wa haraka. Aliyefanya pupa alinyang'anywa kibuyu akapewa mwenziwe.

Hapakuwa na saa ya kutazama. Bibi alisikiliza. Mwanzo maziwa huvuma kwa sauti ya maji. Baadaye sauti huwa nzito, kama kwamba kibuyu kimeshiba na kimekataa kusema. Hapo ndipo watoto hukata tamaa, na hapo ndipo bibi huambia, "Sasa msiache." Kisha ghafla sauti hukatika, maji husikika tena, na ndani yake kitu kigumu kinagonga. Siagi imetoka. Bibi hutia kikombe cha maji baridi ya mtungi ili madonge yashikane vyema, akasuka kidogo tena, kisha akakimimina kibuyu katika bakuli pana.

Tulipokua ndipo tukaelezwa sababu yake. Mafuta hukaa ndani ya maziwa kama vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kitone kimevikwa utando unaokizuia kuungana na mwenziwe. Kusuka huupasua utando ule kidogo kidogo. Mwanzo huoni tofauti yoyote, kwani vitone vinavuliwa kimoja kimoja. Vikishakuwa vingi hushikana kwa pamoja, na ndiyo maana siagi huonekana kutoka kwa ghafla, hali kazi yake ilianza tangu mtikiso wa kwanza. Bibi hakuyajua maneno haya, lakini alijua kuwa anayeacha pale sauti inapokuwa nzito ameacha akiwa karibu na mlango.

Siagi ilioshwa kwa maji baridi mara tatu au nne, mpaka maji yakatoka safi, kwa sababu maziwa yanayobaki ndani yake ndiyo huyaharakisha kuchacha. Hata ikioshwa vyema, siagi ina maji ndani yake, kiasi cha sehemu 16 katika kila 100, na katika nyumba isiyo na friji haikai. Ndiyo maana nyumba za pwani zilizoea samli zaidi ya siagi. Donge jeupe liliingia sufuriani juu ya moto mdogo, likayeyuka, likatoa povu, likachemka kwa kelele za maji yanayokauka. Kelele zikipungua na mashapo ya chini yakaanza kugeuka rangi ya hudhurungi, sufuria huepuliwa, na samli ikachujwa kwa kitambaa. Samli iliyopikwa hivyo hukaa miezi. Nayo iliingia katika bokoboko la Idi, juu ya mkate wa mofa, katika biriani ya harusi na katika uji wa mzazi. Mashapo yalikuwa haki ya watoto waliosuka, yakichanganywa na sukari kidogo, na hatukumbuki haluwa iliyoyashinda.

Lakini kabla ya sufuria kuwekwa motoni, palikuwa na jambo lililotangulia. Mtindi uliobaki baada ya siagi kutolewa ulitiwa katika vikombe, na watoto tukatumwa navyo nyumba kwa nyumba. Nyumba ya mjane ilianza. Kisha ile yenye watoto wengi. Kisha jirani wa mlango wa pili, hata ikiwa jana palikuwa na maneno baina yake na bibi. Hatukuulizwa kama umebaki wa kutosha. Siku ya kusuka ilikuwa siku ya majirani, na kila nyumba ilijua kwa kuisikia sauti ya kibuyu kuwa fungu lake liko njiani.

Jambo hili lina mizizi katika dini yetu. Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake, kutoka kwa Jabir, Allah awe radhi naye, kisa cha Ummu Malik, mwanamke aliyekuwa akimpelekea Mtume, sallallahu alayhi wasallam, zawadi ya samli katika kiriba chake kidogo cha ngozi. Watoto wake walipomwendea kutaka kitoweo, na nyumbani hamna kitu, alikiendea kiriba kile kile alichompelekea Mtume zawadi, akakuta ndani yake samli. Ikaendelea kuwa kitoweo cha nyumba yake mpaka siku alipokikamua. Alipomweleza Mtume, akaambiwa kuwa lau angekiacha bila ya kukikamua, kingeendelea kuwa na samli.

Tuzingatie, dada zetu. Baraka ile ilikaa katika chombo kilichotoa. Hakikuwa chombo kilichofichwa uvunguni, bali kile kilichobebwa kupelekwa kwa mwingine. Nayo ilikoma pale chombo kilipokamuliwa kitoe cha mwisho. Sisi leo tumekuwa hodari wa kukamua. Tunakamua mshahara, tunakamua saa, tunakamua hata siku ya Ijumaa, kisha tunashangaa kwa nini nyumba zilizojaa vitu hazina utulivu.

Na kwa kuwa tumeitaja samli, tukumbushane na hukumu ambayo kila mwenye jiko anaihitaji. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Maimuna, mke wa Mtume, kuwa aliulizwa Mtume kuhusu panya aliyeanguka katika samli, naye akaamrisha atupwe panya na samli iliyo pembezoni mwake, na iliyobaki iliwe. Wanavyuoni wengi wameifahamu hukumu hii kuwa ni ya samli iliyoganda. Dini yetu haikutaka tule najisi, wala haikutaka tumwage neema.

Haifai, hata hivyo, tuyapambe ya zamani kuliko yalivyokuwa. Maziwa mabichi yalituletea maradhi ambayo wazee hawakujua chanzo chake. Homa isiyokwisha, maumivu ya viungo na hata kuharibika mimba vyaweza kuletwa na vijidudu vya brusela, vinavyotoka kwa mnyama mgonjwa na kuingia katika maziwa yake, na kuganda kwa maziwa si dhamana ya kuviua. Kuchemsha huviua. Tena tuseme kweli kuhusu mikono. Aghalabu aliyeamshwa alfajiri kushika kibuyu alikuwa msichana, na aliyepewa donge la kwanza juu ya mkate alikuwa kaka yake. Bi Aisha, Allah awe radhi naye, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Basi anayetaka kuirejesha kazi hii nyumbani mwake airejeshe kwa wote, wavulana kwa wasichana.

Wala haihitaji ng'ombe. Anayenunua maziwa freshi kwa muuzaji anayemwamini, ayachemshe vyema, ayaache yapoe bila ya kuyakoroga, kisha aengue malai yaliyoganda juu na kuyaweka katika bakuli safi ndani ya friji. Afanye hivyo kila siku kwa wiki moja. Siku ya mwisho atie kijiko cha mtindi, ayaache nje usiku mmoja yapate kuchachuka, na asubuhi ayarejeshe kwenye friji mpaka yapoe. Kisha ayatie katika chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko unaoshika, pamoja na maji baridi kidogo, chupa ifike nusu tu, na awape watoto waisuke kwa kupokezana. Wengine hupata siagi kwa dakika 10, wengine 20 na zaidi, kwa kadiri ya malai na ubaridi wake. Ikitoka, ioshwe, na anayetaka samli aipike kwa moto mdogo kama tulivyoeleza.

Siagi itakayopatikana itakuwa kidogo. Huenda isizidi kijiko kikubwa kwa kila mtu. Lakini katika dakika zile, watoto watakuwa wameketi mahali pamoja, simu ziko kando, na mikono yao inangojea kitu ambacho hakiharakishwi kwa kubonyeza. Hapo ndipo mama huweza kusimulia, mtoto huweza kuuliza, na jina la babu aliyekufa zamani hutajwa na kuombewa dua. Hilo ndilo lililopotea kweli pamoja na kibuyu.

Bibi walioijua kazi hii kwa kusikiliza sauti wangali hai katika baadhi ya nyumba zetu, lakini kila mwaka tunawazika. Likizo ya shule ijapo, wapelekeni watoto kwao. Msiwapeleke kusalimia tu na kurudi kabla ya adhuhuri. Waombeni wawafunze kitu kwa mikono yao, iwe ni siagi, iwe ni kusuka ukili au kupika mofa. Bibi anayeombwa kufunza hujiona bado ana kazi duniani, na mjukuu aliyefunzwa hatamsahau katika dua zake.

Na siku chupa yenu itakapotoa siagi, msiumwage mtindi wake. Mtieni mtoto kikombe mkononi, mmwonyeshe mlango wa jirani. Mtume alitufunza kuwa anayepewa chakula amwombe Allah ambariki na ampe kilicho bora kuliko hicho, lakini anayepewa maziwa aombe abarikiwe na azidishiwe hayo hayo, kwa kuwa hakuna kinachokaa mahali pa chakula na kinywaji pamoja isipokuwa maziwa. Nasi tunamwomba Mola wetu azibariki nyumba zenu na vyombo vyenu, avifanye kuwa vyombo vinavyotoa, na awarehemu wote waliotulea kwa mikono iliyochoka.

Wabillahi tawfiq.