TAHARIRI: ASIYE NA JINA LA UGONJWA WAKE SI MVIVU



Kuna jambo ambalo limekuwa likirudi katika mikutano yetu, na wengi hulisema kwa kunong'ona. Ni habari ya wenzetu wanaoumwa na viungo mwezi baada ya mwezi, na kila daktari huwapa jina jingine la ugonjwa, au hawapi jina lolote. Kazini huitwa wavivu. Nyumbani huambiwa wamerogwa. Leo twataka kulisema waziwazi, maana mtu aweza kupoteza mikono yake na kazi yake kwa ajili ya kunyamaza.

Chukua habari ya ndugu mmoja wa gengi la njia, mtu wa Ntimaru katika Kaunti ya Migori, ambaye ametukubalia tumwandike bila kumtaja jina. Asubuhi vidole vyake havikunjiki. Hawezi kushika mpini wa nyundo mpaka saa moja au mbili zipite; ikifika adhuhuri hufanya kazi kama mtu yeyote. Nyapara alipoona hivyo akasema, "Huyu huugua saa za kubeba mataruma tu." Alipokwenda livu alipimwa katika zahanati moja akaambiwa ni brusela, kwa kuwa kwao ni watu wa ng'ombe na maziwa. Akameza dawa wiki sita, asipone. Mahali pengine akaambiwa ni taifodi. Pengine ni jongo, akakatazwa nyama. Baada ya mwaka mmoja na nusu daktari wa Kisumu akamwambia huenda ni baridi yabisi ile itokanayo na kinga ya mwili, lakini damu haikuonyesha alama yake, na yafaa aangaliwe zaidi. Hata leo neno hilo "huenda" halijamwondokea.

Jina la baridi yabisi limewapoteza wengi. Ugonjwa huu hauletwi na baridi ya usiku wala na kunyeshewa mvua. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikashambulia utando ulio ndani ya viungo. Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili sawasawa. Viungo huvimba, asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na mwili huchoka bila sababu. Maumivu ya viungo vilivyochakaa kwa umri au kwa kazi huwa kinyume chake: ukakamavu wake hupita upesi, nayo huzidi mtu akishafanya kazi. Basi yule ndugu hakuwa akidanganya. Kupata nafuu adhuhuri ndiyo desturi ya ugonjwa wenyewe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu tu. Kwa miaka mingi vitabu vya madaktari viliandika kwamba ni adimu katika Afrika, lakini mwaka 1979 madaktari waliofanya kazi Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wake wa hapa Kenya. Hushika vijana na wazee, na wanawake hupatwa mara mbili au tatu kuliko wanaume. Kwa hiyo anayeshindwa kukamua ng'ombe asubuhi huko Ntimaru, pengine ni mke wako au dada yako.

Mbona basi jina halipatikani upesi? Kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Alama inayotafutwa katika damu huonekana pia kwa watu wenye maradhi mengine, kama kifua kikuu au ugonjwa wa ini, na hata kwa watu wazima wa afya. Tena wagonjwa wengi wa kweli hawana alama hiyo kabisa. Kipimo cha haraka cha brusela nacho, ambacho hutumiwa katika zahanati nyingi, mara kwa mara husema "ndiyo" kwa mtu asiye na brusela. Na sisi wa reli tunaokwenda na kurudi Mombasa tunayo sababu nyingine ya kuangaliwa vizuri, nayo ni chikungunya. Ugonjwa huo huletwa na mbu. Jina lake latoka katika Kimakonde, kwa vile humkunja mtu, na madaktari waliutambua huko kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Uliingia Lamu na Mombasa mwaka 2004, ukaonekana tena Mombasa mwaka 2017 na 2018. Homa yake hupita, lakini viungo vyaweza kuuma miezi mingi, na kwa macho hufanana sana na baridi yabisi.

Ndiyo sababu daktari mwema hutazama mambo yote pamoja: mikono, damu, picha, na muda uliopita. Uvimbe uliozidi wiki sita wataka kuchunguzwa. Daktari asemaye, "Bado sijui, rudi tutazame tena," amekusaidia kuliko yule akupaye jina upesi na chupa ya dawa. Shida ni kwamba madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno katika nchi, na wengi wao wako Nairobi. Kutoka Ntimaru mpaka huko ni nauli, ni malazi, ni siku za kazi.

Na kungoja kuna hasara. Viungo vyaweza kuanza kuharibika katika miaka miwili ya kwanza, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Ugonjwa huu haujapata dawa ya kuufuta, lakini ziko dawa za kuuzuia. Iliyo kubwa ni methotreksati. Hii humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Akiimeza mtu kila siku yaweza kumwua. Mwenye kuitumia hupimwa damu mara kwa mara, hukaa mbali na pombe, na mwanamke mwenye mimba haitumii kamwe. Twaonya pia juu ya vidonge vya prednisoloni vinunuliwavyo dukani bila cheti. Mtu huona ameponywa kwa siku mbili, kumbe vikizoewa hulegeza mifupa, hupandisha sukari, na tena si salama kuviacha ghafula. Sindano za kutuliza maumivu nazo, zikizidi, huumiza tumbo na mafigo.

Sasa tuje kwenye haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Sheria yataka cheti cha kuwa mtu hawezi kazi, na hata msimamizi wa zahanati aweza kukitia sahihi. Haikusema kwamba lazima jina la ugonjwa liwe limekwisha kupatikana. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumwondoa mtu kwa ajili ya udhaifu wa mwili, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, na wasikilizwe. Kwa hiyo neno "huenda" si sababu ya kumfukuza mtu.

Kwa hayo twawaomba wanachama wote washike mambo haya:

1. Anayeumwa aandike katika daftari siku, saa za kukakamaa, na viungo vilivyovimba. Daftari hilo litamfaa kwa daktari na kwa mkubwa wa kazi.

2. Atunze kila karatasi ya hospitali, hata ile iliyotaja ugonjwa mwingine.

3. Asitie sahihi barua yoyote ya kuacha kazi kabla ya kumwona mjumbe wake.

4. Kila mwanachama ahakikishe kwamba jamaa zake wameandikwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Asilimia 2.75 ya mshahara wetu hukatwa kila mwezi; si haki ikatwe bure.

5. Wajumbe wadai kazi nyepesi za asubuhi kwa wenye cheti, na jambo hili liingizwe katika mapatano yetu yajayo na waajiri. Siku kumi na nne hazimtoshi mtu anayetafuta jina la ugonjwa wake mwaka mzima.

Mficha maradhi kilio humfichua. Usikae nayo peke yako mpaka vidole vipinde. Njoo tawini useme. Nasi tunaosikia, tuache maneno ya uvivu na uchawi, tumshike mkono mwenzetu mpaka daktari apate jina, na hata kama hakulipata.

Mhariri