Bati la Tandale na Bwawa la Masaki

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo nchini Tanzania hukatwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: unanunua umeme, kodi inatangulia, uniti zinafuata. Kwa ukusanyaji, sina ugomvi na utaratibu huo. Hakuna foleni, hakuna ankara inayopotea njiani, na mkwepaji sugu hulipa pale giza linapomkaribia. Tatizo ni kiasi kinachokatwa. Tangu 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa za mijini 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Mita haina macho. Vyumba viwili vya bati lenye kutu kule Tandale, Dar es Salaam, vinakatwa sawasawa na jumba la chini la Masaki lenye bwawa la kuogelea na nyasi zinazomwagiliwa kutwa. Barabara, taa na ulinzi vinavyopandisha bei ya jumba hilo havikujengwa na mwenye nyumba peke yake, na ndiyo maana kodi hii, kwa asili yake, hufuata thamani.

Watetezi wa kiwango kimoja watasema uthamini ni ghali, wathamini ni wachache, na orodha huzeeka kabla wino haujakauka. Wana hoja: Nairobi ilitoza kwa orodha ya 1982 kwa takriban miongo minne. Ila kati ya kuthamini kila nyumba na kutothamini hata moja kuna nafasi kubwa. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2020 ilianza kuyapa majengo alama kwa mambo yanayoonekana kwa nje, kama ukubwa, paa na mahali yalipo, huku picha za setilaiti zikisaidia kuyatambua. Sisi tuna pa kuanzia, kwani Mthamini Mkuu wa Serikali hutoa viwango elekezi vya bei za ardhi. Madaraja manne au matano ya maeneo yakiunganishwa na namba za mita, LUKU ileile ingekata kwa haki zaidi.

Linabaki suala la mpangaji, ambalo madaraja hayalitibu. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Wawili hao huambiwa wapatane, kiasi hicho kitolewe kwenye pango. Mpangaji anayeomba kila mwezi pango lisipande atapatana kwa nguvu gani? Kadiri daraja la mtaa wake litakavyokuwa juu, ndivyo sheria itakavyolazimika kutaja waziwazi, ndani ya mkataba wa pango, nani anamrudishia nani.