Kombaini iliyotumika na ada ya watoto

Wazazi mnaolima mpunga Mbarali, kabla ya kutoa akiba ya familia kununua kombaini iliyotumika, kaeni baba na mama mpige hesabu. Kwa ekari tano, mashine itavuna siku moja au mbili, kisha italala hadi msimu ujao. Kama hakuna majirani watakaowalipa muwavunie, kukodi ni nafuu.

Mkiamua kununua, nendeni na fundi. Msiridhike na injini kuunguruma uani. Ivune mbele yenu, kisha mtazame punje zilizomwagika nyuma yake. Kagueni visu, mikanda na minyororo ya mpira inayokanyaga tope. Ulizeni vipuri vinauzwa wapi.

Ada ya shule itengeni kwanza. Muhula hausubiri kipuri.