NGOMA YA KANISANI NA KIPAZA SAUTI CHAKE



Walimu wa kwaya wa vigango hunijia hapa Kilakala wakiuliza: katika vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye ngoma, kipi kinadumu? Juma hili nawajibu wote pamoja.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, ukaruhusu kanisani ala za muziki za watu mbalimbali, zikiwa zafaa kwa ibada. Ngoma ina heshima yake, basi. Lakini fedha ya kigango nayo ni jasho la watu.

Naungama kosa langu. Kigango kimoja cha milimani, huko Uluguru, kilinikabidhi fedha za mahindi, nikanunua kipaza sauti kizuri. Dominika ya Pasaka, katikati ya Utukufu, kikachomoka na kuanguka sakafuni. Chenyewe kilipona, kibanio ndicho kilichovunjika. Kwa nini? Kibanio kile kilitengenezwa kuuma pete ya chuma ya dramu za bendi. Ngoma yetu haina pete: ngozi imewambwa juu ya gogo kwa vigingi. Kila pigo lilikisukuma nje kidogo kidogo.

Kwa hiyo, kwanza tazama ngoma yako, ndipo uende dukani. Kama ni ya ngozi na gogo, usibane ngozi. Mhunzi awatengenezee mguu mfupi wa chuma wenye ncha bapa, usimame kando ya ngoma, mbane hapo. Kibanio kiwe imara, nacho kiuzwe peke yake kikivunjika.

Pili, chagueni aina iitwayo dainamiki. Ndani yake koili ya waya hutikisika penye sumaku na kuzaa umeme wake yenyewe. Aina ya kondensa husikia vizuri sana, lakini kwa kawaida hutaka volti 48 kutoka kwenye mikisa, na mikisa nyingi ndogo hazina. Tena haipendi unyevu, nasi twajua ukungu wa milimani.

Tatu, waya. Uacheni ulegee na kuufunga mguuni, asije mtoto akaukanyaga na kung'oa pini.

Nne, kiwekeni vidole viwili kutoka ngozini, kikielekea katikati ya ukingo na kitovu cha ngoma, kikipa spika kisogo. Kikiitazama spika, kitapiga yowe.

Mwisho, neno la kweli: katika kanisa dogo ngoma yasikika yenyewe. Kipaza sauti cha kwanza kiwe cha msomaji, cha pili cha waimbaji. Cha ngoma kingojee siku ya misa ya uwanjani, watu wakiwa wengi. Mama zetu wakiimba zaburi na ngoma ikawameza, tumenunua nini?

Wahenga walisema: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Wenu katika Kristu,
Karani wa Parokia