Mshahara wa Mlinzi Usitoke Katika Amana

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini iko mali yenye daftari, na jina la mwenyewe limeandikwa, nayo yapotea vilevile: ni fedha zilizolala benki.

Katika Uingereza ilitungwa sheria mwaka 2008 kwamba akaunti isiyoguswa na mwenyewe kwa miaka 15 yaweza kuhamishiwa mfuko maalumu, ulioanza kazi mwaka 2011, ili fedha zitumike kwa manufaa ya watu. Hata hivyo haki haifi: akitokea mwenyewe, au warithi wake, hulipwa.

Huko pia iko Tume isimamiayo vyama vya hisani vya England na Wales, iliyoundwa mwaka 1853. Vyama hivyo vyapita 160,000, nayo Tume hulipiwa na hazina ya serikali. Basi mtu aweza kuuliza: kwa nini fedha zilizolala zisiilipie Tume, na hazina ikapumzika?

Sisi hatuafiki. Kwanza, benki za huko hujiunga na mpango huo kwa hiari, na mishahara ya kila mwisho wa mwezi haiwezi kutegemea hiari. Pili, malimbikizo ya miaka mingi yakiisha kukusanywa, yatakayofuata ni machache. Tatu, ndilo kubwa: kazi ya Tume ni kuwaonya wadhamini wasitumie fedha ya mtu kinyume cha nia yake. Atawaonyaje kwa uso mkavu, hali yeye mwenyewe ala fedha ya mtu ambaye hakuulizwa?

Nchini Kenya nako, kwa sheria ya mwaka 2011, mali zisizodaiwa hukabidhiwa mamlaka maalumu, izitunze na kuwarudishia wenyewe. Sisi makarani twajua zatokaje. Mwenzetu hufa katika kituo cha mbali, na mjane wake hana habari kwamba kilikuwako kitabu cha benki.

Kwa hiyo twashauri hivi: fedha zilizolala kwanza zigharimie kumtafuta mwenyewe, zitakazobaki ziwafikie maskini, na mlinzi wa hisani alipwe kwa kodi ya wote, kwa kuwa awalinda wote. Mlinzi alishwaye kwa usahaulifu wa watu, iko siku ataomba wasikumbuke.