Tusiupuuze ukurasa wa matangazo

Waswahili husema biashara ni matangazo. Msemo huu tumeuzoea mno hata hatuutafakari tena. Mimi ningependa kuuongezea kidogo: siasa nayo ni matangazo, na aghalabu biashara na siasa huwa kama chanda na pete. Anayesoma gazeti na kuruka kurasa za matangazo ameisoma nusu tu ya habari.

Nayasema haya nikiwalenga hasa walimu wa historia na wanafunzi wao. Masomo yetu hutegemea sana hotuba za viongozi, mikataba na vita. Mwanafunzi akiletewa gazeti la kale, macho yake hukimbilia tahariri, kwa kuwa ameambiwa kuwa humo ndimo mlimo na fikra. Matangazo ya chai, vitambaa na viatu huyaona kuwa mambo ya sokoni yasiyostahili daftari lake. Naam, sokoni ndiko mwananchi wa kawaida alikokuwa akiishi, na huko ndiko siasa ilikomfuata.

Hebu tuutazame mji wa Boston katika koloni la Massachusetts, Marekani, miaka michache kabla ya makoloni yale kujitangazia uhuru mwaka wa 1776. Ulikuwa mji wa bandari wenye wakazi wapatao 15,000, nao ulikuwa na magazeti kadhaa. Mojawapo lilikuwa Boston Gazette, lililochapishwa na Benjamin Edes na John Gill. Kama ilivyo kwa wachapishaji wa zama zote, watu hawa walihitaji fedha za matangazo ili karatasi, wino na wafanyakazi vilipiwe.

Mwaka wa 1765 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Stempu. Wanafunzi wengi huijua sheria hii kama kodi iliyotozwa watu wasiokuwa na mwakilishi bungeni. Jambo wasiloambiwa mara nyingi ni kwamba kila tangazo gazetini lilitozwa shilingi 2, liwe refu au fupi. Kodi hii ilimgusa mchapishaji mfukoni. Je, ni ajabu kwamba wachapishaji walikuwa mstari wa mbele kuipinga? Edes mwenyewe alikuwa miongoni mwa kundi dogo lililopanga upinzani mjini humo. Sisemi kwamba hawakuipenda haki. Nasema kwamba haki na riziki ziliwaelekeza njia moja, na sheria ikafutwa mwaka wa 1766.

Mwaka uliofuata Bunge lilileta ushuru mwingine juu ya kioo, risasi, rangi, karatasi na chai. Wafanyabiashara wa Boston wakakubaliana mnamo Agosti 1768 kutoagiza bidhaa nyingi kutoka Uingereza kuanzia mwanzo wa 1769. Hapo ndipo ukurasa wa matangazo ulipogeuka jukwaa la siasa. Mwenye duka aliwahakikishia wateja kwamba bidhaa zake ziliingia kabla ya mapatano. Mwingine alisifu nguo au karatasi iliyotengenezwa humo humo makoloni, na kumfanya mnunuzi ajione mzalendo kila anapofungua mkoba. Upande wa pili, majina ya waliokataa kujiunga na mgomo yalichapishwa gazetini, wiki baada ya wiki, ili watu wasinunue kwao. Hilo nalo lilikuwa tangazo, ila la kuliua duka badala ya kulijenga.

Lakini penye wengi hapakosi mengi. Alikuwako John Mein, muuza vitabu kutoka Uskoti na mmoja wa wachapishaji wa Boston Chronicle. Mwaka wa 1769 alianza kuchapisha orodha za shehena za meli kutoka hati za forodha, akionyesha kwamba baadhi ya waliotia sahihi mapatano walikuwa bado wakipokea mizigo. Miongoni mwa aliowataja ni John Hancock, tajiri mashuhuri na kiongozi wa wazalendo. Waliotajwa walijitetea kwamba mizigo hiyo haikuvunja mapatano, na Hancock alikanusha. Mein hakujibiwa kwa kalamu tu. Mwezi wa Oktoba alivamiwa barabarani, na punde akatorokea London. Gazeti lake halikumaliza mwaka wa 1770.

Mein alikuwa mtu wa upande wa serikali, naye alikuwa na maslahi yake. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki: anayetuhimiza tujinyime, yeye anajinyima nini? Mfanyabiashara mwenye ghala lililojaa angeweza kuufurahia mgomo kwa kuuza akiba yake bila mshindani, ilhali mwenye duka dogo aliishiwa. Uzalendo uleule ulikuwa sadaka kwa mmoja na faida kwa mwingine.

Tarehe 5 Machi 1770 askari wa Uingereza waliwapiga risasi wakazi wa Boston, na watano wakafa. Kabla ya mwezi huo kwisha, Boston Gazette lilitangaza mchoro wa tukio hilo uliouzwa na Edes na Gill. Mchoraji alikuwa Paul Revere, mfua fedha aliyewahi kutangaza gazetini humo kazi yake ya meno bandia. Mchoro uliigwa kutoka kazi ya Henry Pelham, ambaye alilalamika. Uliwaonyesha askari wamejipanga safu moja na kufyatua kwa amri ya mkubwa wao, ingawa mahakama baadaye ilimwondolea Kapteni Thomas Preston hatia. Basi bidhaa ilikuwa hasira, na hasira ilikuwa bidhaa.

Mmoja wa waliouawa siku hiyo alikuwa Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Miaka 20 kabla, mnamo Oktoba 1750, Boston Gazette hilohilo, kabla halijawa mikononi mwa Edes na Gill, lilikuwa na tangazo la mtumwa aliyetoroka aitwaye Crispas, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 2. Aliyemkamata aliahidiwa pauni 10. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa ni mtu huyohuyo. Gazeti lililomsaka kama mali likaja kumlilia kama shahidi wa uhuru.

Wala haikuwa biashara ya zamani iliyokwisha sahaulika. Edes na Gill walipokuwa wakiandika kwamba kodi ya Bunge ni utumwa, matangazo ya kuuza watu yaliendelea kuchapwa humohumo, na mara nyingine mnunuzi aliambiwa aulize kwa mchapishaji. Tahariri ilisema moja, tangazo likasema jingine, na kikapu cha fedha kilikuwa kimoja. Mwanafunzi anayesoma tahariri peke yake ataondoka akiwasifu. Anayesoma ukurasa mzima atajua kwamba neno uhuru lilikuwa na mipaka, na ataelewa ni nani aliyekuwa nje ya mipaka hiyo.

Najua yuko atakayeuliza: Boston ya karne ya 18 inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana. Gazeti la African Standard lilianzishwa mjini Mombasa mwaka wa 1902 na A. M. Jeevanjee, naye alikuwa mfanyabiashara. Magazeti ya nchi za kikoloni, zetu zikiwamo, yalizaliwa karibu na bandari, forodha na duka. Sisi wenyewe tumehimizwa mara nyingi kununua bidhaa za humu nchini ili tuijenge Kenya. Ni wito mwema, nami nauunga mkono. Lakini wito mwema hauharibiki kwa kuulizwa maswali.

Mwingine atasema kwamba mwalimu hana wakati, kwa sababu mtihani hauulizi habari za matangazo. Simlaumu mwalimu aliyelemewa. Hata hivyo, zoezi hili halihitaji zaidi ya gazeti moja kuukuu na kipindi kimoja. Wanafunzi wachague tangazo moja na waulize: nani amelipa? Nani atafaidika nikiamini? Linaniita mnunuzi, mzalendo au vyote viwili? Tena waulize lililo gumu kuliko yote: ni nani anayetajwa hapa bila kupewa nafasi ya kusema? Yule Crispas hakuandika lile tangazo.

Vijana wetu huzungukwa na matangazo tangu wanapoamka, na kila uchaguzi ukikaribia huwa shida kubwa kujua mwisho wa sabuni na mwanzo wa siasa. Hatuwezi kuwafumba macho, ila tunaweza kuwafundisha kusoma. Kikulacho ki nguoni mwako, na pengine hata nguo yenyewe uliuziwa kwa jina la uhuru.